Kanzera ya Kukhu Haikushika Mbegu

Munuki, Juba

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkua wewe kwanza, kisha mwanangu Simiyu anayelala ubavuni pako. Goti limepoa, au bado unalikanda kwa maji moto? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sijui niseme nini.

Nakuandikia kwa sababu neno hili lilinishinda kwenye simu. Kila ulipouliza, "Nafula, mboga yetu ya kanzera inaendeleaje?" nilijibu inaendelea, kisha nikasingizia mtandao. Kuna dereva wa lori wa kwetu anayerudi, nimempa hii barua.

Mama, mbegu haipo.

Jiko lako lilipoungua na mtungi wa mbegu ukiwa ndani, nilikuambia usilie, nimebakiwa na ile kidogo uliyonifungia nikija huku. Niliipanda yote kando ya tangi la maji. Huku maji tunanunua kwa lori, kwa hiyo nilimwagilia yale niliyosuuzia mboga na vyombo. Udongo wenyewe ukikauka ni kama tofali.

Ikaota, mama. Ikaota mpaka nikashtuka, maana niliyopanda haikuwa nyingi hivyo. Mwenye nyumba wangu, Mama Keji, ambaye Kiswahili chake alikipatia Uganda wakati wa vita, akaja akacheka. "Hii yote jirjir. Mimi nilimwaga mbegu yake hapa."

Jirjir ni mboga yao, wanaila mbichi na maharagwe, kali ulimini kama haradali. Ikiwa changa, utadhani imezaliwa tumbo moja na kanzera. Nilitafuna majani nikitafuta lile kali, lakini kwa joto la huku yote yalikuwa makali. Niliogopa kung'oa ya bibi, kukhu wetu, nikidhani ni ya Mama Keji, nikaacha yote mpaka yatoe maua.

Maua nayo yakafanana umbo, vipande vinne vilivyokaa kama msalaba. Ila mengi yalikuwa na weupe wa maziwa, na mishipa myeusi ndani. Kisha pale pembeni nikaona miche michache yenye maua ya njano, na jani pana lile ambalo maji yanateleza juu yake. Nilipiga kelele hadi Mama Keji akatoka na mwiko mkononi.

"Ni hii! Hii ndiyo ya mama!"

Akainama, akaigusa. "Sawa. Basi tufunike. Hii jua itaua yeye."

Tukaiwekea kivuli cha gunia. Nikitoka kufua shuka hotelini, nilipita hapo kabla ya kuvua viatu. Maua yakaanguka, maganda yakatokea, membamba, yamesimama wima. Ile siku niliyokupigia nikiimba ndiyo hiyo.

Juzi yakakauka. Nilitandika kanga, nikapasua la kwanza. Makapi. La pili, makapi. Niliyapasua yote, mama. Mama Keji akachuma ganda la jirjir, akalifikicha, mbegu zikamwagika kiganjani.

"Yako inataka baridi," akasema. "Hapa inatoa maua tu. Ndani mafi. Hakuna." Akanishika bega. "Malesh, dada. Pole."

Soko la Custom kuna Mganda anayeuza mbegu za kanzera za pakiti. Nilikwenda, nikaishika pakiti. Nikawaza, nikimtumia mama hii itatoa ua la njano vilevile, atajuaje? Nikairudisha. Ungejua siku ya kwanza kuionja, na ungenyamaza ili nisiumie. Hilo ndilo lingenimaliza.

Sina la kukufariji. Kukhu alikuja na mbegu hiyo alipoolewa, wewe ukaitunza miaka yote, ikafia mikononi mwangu, kwenye nchi ya watu. Jana nilichuma majani machache yaliyokuwa bado mabichi, nikayapika kwa maziwa kama unavyofanya. Nilitaka kumwita Mama Keji tule pamoja. Sikuweza. Nilikula peke yangu, nikapangusa sufuria kwa kidole mpaka ikang'aa.

Unisalimie dada yangu mkubwa Nanjala, baba mdogo anayekuchungia ng'ombe, na yule jirani aliyekupa sufuria baada ya moto. Simiyu mwambie mama yake yuko kazini. Na wewe, mama, ukishasoma usinipigie mara moja. Nipe siku kadhaa kwanza.

Ni mimi uliyenizaa,
Nafula