Maelezo kuhusu Safari ya Nekoye, Roma hadi Warsaw

KITUO CHA POLISI, KITALE
Tarehe: 14 Machi 2025
Jina: Pauline Makokha
Umri: Miaka 51
Kazi: Mkulima, na muuzaji wa vitunguu sokoni Ndalu
Makao: Ndalu, Bungoma

Mimi ni mama yake Nekoye, miaka 23. Alitafutiwa kazi ya kusafisha hoteli huko Warsaw na Ian Wakoli, kijana wa kwaya yetu. Nilimwamini kama mtoto wangu.

Mnamo tarehe 8 Machi, Jumamosi, Nekoye alikuwa Roma akingoja ndege ya pili. Kanisani kwetu, mtoto akiwa angani, wamama hukusanyika kwao kumshikilia kwa maombi mpaka atue, na simu zote huzimwa. Nilimuuliza Ian ni masaa mangapi. Akasema, "Mum, ni kilomita elfu moja mia tatu. Weka masaa nane." Niliona ni haki. Kitale kwenda Nairobi haifiki mia nne na basi hutumalizia masaa hayo hayo.

Tulianza saa nne asubuhi. Nelima, kiongozi wetu, alipitisha karai la kukusanyia simu mlangoni. "Leta na hiyo yako ya tochi, Mama Nekoye. Shetani hupenda kupigia waombaji." Tulicheka, bwana afisa. Tulicheka sana siku hiyo.

Saa kumi na mbili jioni tulisema amina, nikawasha simu. Kulikuwa na ujumbe wa Nekoye wa saa saba mchana: "Mum nimefika. Mtu amechukua paspoti yangu. Hapa si hoteli, kuna wasichana wanalia. Mbona hushiki simu?" Nikapiga. Haipatikani. Nikapigia Ian. Akasema, "Si ndege bado iko hewani, mum? Endeleeni kuomba." Akakata, na yake pia ikazimwa.

Shemeji yangu wa Kibabii ndiye aliniambia ndege hiyo huchukua masaa mawili na kidogo tu. Mtoto wangu alinitafuta mchana kutwa, na mimi nilikuwa nimepiga magoti nikimwombea.

Leo nimeonyeshwa Ian hapa kituoni na nimemtambua. Nilimuuliza, "Ian, mtoto yuko wapi?" Hakuniangalia. Akasema, "Mum, mimi kazi yangu huishia uwanja wa ndege."

Tangu Jumamosi sijasikia sauti ya Nekoye. Maombi nimejaribu, hayatoki.

Niliyo nayo ni hayo tu, na nimeyasema Mungu akisikia.

Sahihi: P. Makokha

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Rotich, nikamsomea shahidi kwa Kiswahili, naye akakubali ni yake. Baada ya kutia sahihi aliuliza kama karatasi hii itapelekwa Warsaw. Nilimjibu kwamba faili linabaki Kitale. Aliomba akae kidogo kwenye benchi. Hadi naandika haya bado yupo.