Turubai la Karavani ya Enid

Jumatatu, 9 Oktoba

Baridi imeingia. Gillian kapiga simu: "Baba, karavani unaifunika mwaka huu, au unaiacha?" Ni ile nyumba ndogo ya magurudumu tuliyokuwa tukiivuta kwa gari likizoni. Nikamjibu kwa hotuba ndefu. Ukiifunika, unyevu unanaswa ndani na kuvu inaota. Usipoifunika, utando wa kijani unapanda hadi madirishani na majani ya mti wa jirani yanaziba mifereji. Binti yangu alisubiri nimalize. "Kwa hiyo?"

Kwa hiyo sijui. Mwalimu wa kemia, miaka thelathini na moja!

Daktari anasema moyo huu huenda usifike Pasaka. Kati yangu na karavani, mmoja tu ataiona Aprili. Nadhani ni yule mwenye magurudumu.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimeifunga kwa msimu. Nimemwaga maji yote, nimeacha mabomba wazi, nimesimamisha magodoro kwa ubavu. Sahani tatu za chumvi sakafuni zinyonye unyevu, kama mke wangu Enid alivyofanya kila mwaka. Kazi ya saa moja, mimi siku nzima. Nimepumzika mara sita. Mara mbili nilikoroma.

Halafu nikakaa nikitazama madirisha. Ngoja niandike, kabla mkono haujagoma.

Miaka tisa iliyopita Norris, kaka yake Enid, aliazima karavani. Akairudisha Septemba, imeoshwa, inang'aa. Enid alikuwa hospitali kwa ajili ya goti. Mwezi mzima ikasimama uani ikila vumbi la malori ya machimbo ya mawe. Enid akaniagiza kutoka kitandani: ioshe, ikauke, ndipo uifunike, na mikanda uikaze. Redioni kulikuwa na mechi ya raga. Nikaifunika na vumbi lake. Mikanda nikaifunga kama kamba za viatu vya mlevi.

Upepo ukapiga miezi mitano. Turubai likasugua vumbi, vumbi likasugua madirisha, na madirisha yenyewe ni ya plastiki. Tulipofunua Machi, yalikuwa na ukungu kama vioo vya choo cha shule.

Enid hata hakuniuliza. "Ni Norris huyu! Kayasugua kwa waya wa sufuria!"

Nikafungua kinywa. Nikakifunga. Nikakifungua tena, nikasema: "Huenda."

Huenda! Neno moja, nalo la woga.

Norris aliapa kwamba alitumia sponji tu. Enid akamwita mwongo mezani siku ya Pasaka, mbele ya watu wote. Mimi nikaomba niongezewe mchuzi. Hawakusemezana tena. Mwaka juzi tulimzika Enid, na Norris akakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu aliyepotea njia.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimempigia Norris simu. Nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya birika, hotuba nzuri tu, ina utangulizi na hitimisho. Aliposema "Haloo" ikayeyuka yote.

"Shemeji, nina turubai la kuvuta. Peke yangu siliwezi."



"Miaka tisa, Mwalimu, unanikumbuka kwa turubai?"

"Ndiyo."

"Nitakuja Jumapili. Sponji nilete, au mtanishtaki?"

Nilicheka. Kisha nikakaa chini.

Jumapili, 15 Oktoba

Amekuja saa nne. Ana miaka themanini na moja na nyonga ya chuma. Akapitisha kidole ubavuni mwa karavani, akakitazama. "Hii unataka kuifunika hivi hivi? Mwalimu mzima! Hata mtoto anajua, kwanza unaosha." Akaiosha yote yeye mwenyewe, mimi nikishika ndoo kama shada la maua. Tukanywa supu huku ikikauka.

Kisha mifagio miwili, wazee wawili. Tulilisukuma turubai juu hadi likashuka pande zote mbili. Yeye huko, mimi huku, hatuonani. Kila mkanda hupita chini ya tumbo la karavani: unaurusha, mwenzako anauingiza kwenye pete, anakurudishia. Wa kwanza ukarudi. "Kaza, bwana, acha ubahili wa nguvu!" Wa pili ukarudi.

Nikaurusha wa tatu, nikasema. Kwa sababu sikuuona uso wake, ndiyo maana niliweza. Hata kukiri kwangu kunataka kifuniko.

"Norris, ni mimi niliyeharibu madirisha. Niliifunika chafu. Nilijua siku ile ile tulipoifunua, nikanyamaza. Enid alikufa hajui."

Mkanda wa tatu haukurudi.

Nilisubiri, kisha nikaingia ndani. Naandika hapa mezani, jikoni. Birika limechemka mara mbili. Kutoka dirishani, chini ya karavani, naona buti zake, hazijasogea. Gari lake bado lipo. Upepo umeanza, na pembe ya nyuma inapigapiga, ile ile ambayo ningepaswa kuikaza miaka tisa iliyopita.

Buti zimesogea. Amezunguka upande huu. Ameinua pembe ya turubai. Anapangusa dirisha kwa mkono wa sweta, polepole, kama vile bado linaweza kung'aa.

Sasa anaita. Si "Mwalimu," wala "shemeji." "Selwyn!" Tangu nimwoe dada yake hajawahi kuniita kwa jina langu.

"Selwyn! Njoo ushike huku!"

Sauti siielewi, kama ni ya hasira au ya msamaha. Natafuta viatu, kimoja nimekiona, cha pili nitakitafuta nikirudi.