Nafasi Nne na Nusu

Baba mpendwa,

Assalaam aleikum. Nimesalimu kwanza, maana ulizoea kunikemea nikikuletea shida kabla ya salamu. Sasa shida.

Nakuandikia nikiwa maabara, palepale kwenye kliniki ya Majengo, mlango nimeufunga kwa ndani. Unakikumbuka chumba hiki? Ulikiingia mara moja tu. Ulilitazama lile dirisha moja linaloangalia ukuta wa jirani, ukazitazama nondo zake, ukaniuliza, "Na hewa mnanunua wapi?" Nilicheka mpaka nikaegemea sinki. Siku hizi sicheki. Tangu mwezi uliopita nahisi ule ukuta umesogea. Najua kuta hazitembei, lakini kila asubuhi nikiingia lazima niutazame.

Siku ile ulikuja kupimwa. Kila anayegusa chakula cha watu, awe muuza nyama, mpishi au muuza sambusa, hupimwa choo ndipo apewe cheti cha afya, na chako kilikuwa karibu kuisha. Nilikuambia uende kliniki nyingine, mtu hapimwi na binti yake. Ukakataa katakata. "Nilikusomesha ndiyo nipimwe na mtu mwingine?" Ukanikabidhi kikopo umekifunga kwa gazeti, mkunjo uleule wa nusu kilo ya nyama ya mbuzi. Dada wa mapokezi alidhani umeniletea kitoweo. Aibu niliyoiona siku hiyo!

Sikuwahi kukueleza nilichofanya na kikopo kile, basi nikueleze leo. Ndani ya lenzi ya kuchungulia ya darubini kuna rula ndogo ya kioo. Ina mistari, lakini mistari ile peke yake haina maana yoyote. Ili uielewe, unaweka chini ya darubini kioo kingine, ambacho mistari yake ilichorwa kiwandani kwa kipimo kinachojulikana. Unazilinganisha rula hizo mbili, ndipo unajua nafasi moja ya ile ya juu ni mikroni ngapi. Mikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu. Na jibu unalopata ni la darubini hiyo tu. Ukibadilisha darubini, unalinganisha upya. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hilo. Mimi nililijua. Nililijibu hata kwenye mtihani.

Kwenye darubini yetu ya zamani, nafasi moja ilikuwa mikroni mbili na nusu. Nililinganisha kwa mkono wangu, nikaiandika namba hiyo kwenye kipande cha plasta, nikakibandika ubavuni mwa darubini. Ilipoharibika, mwenye kliniki akanunua nyingine, ya mtumba lakini nzuri. Nikaihamisha rula. Foleni ilikuwa imefika barabarani na watu wanagonga. Nikakibandua kile kipande cha plasta, Baba, nikakibandika kwenye darubini mpya. Sikulinganisha chochote. Ndivyo nilivyofanya, na sina cha kuongeza.

Katika choo chako niliona vijidudu vya mviringo, vimetulia. Kuna amiba anayemla mtu utumbo, na kuna ndugu yake mdogo anayekaa tumboni bila kumdhuru mtu. Wamefanana kwa karibu kila kitu ila ukubwa. Aliyefika mikroni kumi na kuendelea ndiye yule mbaya. Aliye chini ya kumi hana neno. Wako walikuwa nafasi nne na nusu. Nikazidisha kwa namba ya plasta, nikapata kumi na moja na kidogo. Nikaandika amiba, nikatia sahihi.

Uliniuliza swali moja tu. "Umepima vizuri?"

"Mara tatu, Baba."

Ukaitikia kwa kichwa, ukaenda kufunga bucha.

Jirani zako walikushauri upimwe kwingine, upate cheti, mambo yaishe. Ukawaambia, "Binti yangu ameona kwa macho yake." Ukameza dawa, zikakutapisha. Nikakupima tena: nafasi nne na nusu. Ukameza tena. Nami nilijisikia mtu wa maana, Baba, nisikufiche. Nilijiona mtaalamu asiyempendelea hata mzazi wake. Huku nje watu wa Majengo, unawajua, wakakubandika jina la Mzee Amiba, kwanza kwa utani, kisha likabaki. Ulipopata cheti hatimaye, baada ya kipimo cha tatu kukosa mdudu, wateja walikuwa wamezoea bucha nyingine. Ukamwachia mtu ile nafasi yako ya sokoni, ukawa unakaa kwenye benchi la fundi viatu ng'ambo ya barabara, ukimtazama mwingine akikata nyama juu ya gogo lako. Mwaka jana, kabla ya Ramadhani, presha ikakuchukua. Siwezi kusema nilikuua. Siwezi pia kusema sikuhusika, na hapo ndipo ninapozunguka kutwa.

Nilijuaje? Mwezi uliopita aliingia Bibi Halima wa sambusa. Mdomo wake unaujua. Nilikuwa nimempima mara tatu na kumwandikia amiba mara tatu. Alikwenda Embu kumwona mjukuu, akapimwa huko, akaambiwa hana kitu cha kutibiwa. Akaitandaza karatasi yao mezani kwangu.

"Zuhura, hii mdudu yako inakaa Meru peke yake? Ikifika Chuka inashuka gari?"

Nikacheka naye. Alipotoka nikafunga mlango, nikatafuta kile kioo cha kulinganishia. Kilikuwa ndani ya kisanduku chake, mwisho wa droo, nyuma ya betri zilizokufa. Nikazilinganisha rula mbili. Nafasi moja ni mikroni mbili. Si mbili na nusu, ni mbili kamili. Nne na nusu mara mbili ni tisa, Baba. Tisa. Hukuwa na kitu.

Nilimwendea mwenye kliniki siku hiyohiyo. Hakupiga kelele, na heri angepiga. "Zuhura, hiyo story iishie hapa," alisema. "Badilisha hiyo namba, endelea na kazi. Ukianza kuita watu, si watakuja na mawakili? Na signature ni yako, si yangu."

Ni kweli, ni yangu. Namba nimeibadilisha na sasa napima sawasawa, lakini hilo halinipi nafuu, kwa sababu kila ninayemkuta na tisa namkumbuka mtu. Nikitoka nyumbani nazunguka nyuma ya msikiti nisipite sokoni. Kila anayenisalimia najiuliza nilimwandikia nini. Kazi siwezi kuiacha, Mama ananitegemea. Kusema naogopa. Kunyamaza, chakula hakishuki. Mama akaniuliza mbona nimekonda, nikamwambia ni joto. Meru, mwezi wa saba, watu wamevaa makoti mawili mawili, nami nasingizia joto!

Na kila nikifumba macho naliona lile jiwe la kilo.

Nilikuwa darasa la tano. Kila mwaka uliyabeba mawe yako ya mizani kwa mkaguzi yapigwe mhuri, hata mwaka ule ulipokuwa na malaria ukalazimika kushikwa mkono. Safari hiyo mkaguzi akaligeuza jiwe la kilo, akakuonyesha limemegeka chini. Ukakumbuka kwamba lilikuponyoka likaanguka kwenye sementi siku ya Idi. Hakuna mteja aliyekuwa amelalamika. Ulirudi, ukapasua katoni, ukaandika kwa mkaa na kuitundika mlangoni kwa ndoano ya nyama: JIWE LA KILO LILIMEGEKA. ALIYENUNUA TANGU IDI ARUDI AONGEZEWE. Nilitamani ardhi inimeze. Shuleni walisema baba yangu ni mwizi anayejishtaki. Watu walikuja, na wengine hawakuwa wamenunua hata mfupa; Bibi Halima alikuja mara mbili, na mara zote ulimpimia. Jioni nikakuuliza, nikiwa karibu kulia, "Lakini Baba, nani angejua?"

Ulikuwa unanoa kisu, hukuinua kichwa. "Mimi nimeshajua."

Mtoto wa mtu huyo ndiye aliyehamisha kipande cha plasta.

Jana nilimweleza Mama yote. Alikuwa anachambua maharagwe, akaendelea kuchambua mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akasema, "Zile dawa zilikuwa zinamtesa. Nilimwambia aache. Akasema wewe huwezi kukosea." Nililia, Baba, nikalia kama ambavyo sikulia kwenye mazishi yako. Mama hakunibembeleza. Aliinuka, akaingia ndani, akamwaga sabuni zote kutoka kwenye katoni yake, akaipasua upande mmoja na kuniwekea mapajani.

Iko hapa mezani mbele yangu. Nimeandika kwa kalamu ya wino mzito, maana mkaa siku hizi hauonekani vizuri: KIPIMO CHANGU KILIKOSEA. ALIYEANDIKIWA AMIBA HAPA TANGU DARUBINI MPYA ARUDI APIMWE UPYA. Chini yake nimetia jina langu kamili, na jina langu halikamiliki bila lako, kwa hivyo nawe utatundikwa pale mlangoni pamoja nami. Niwie radhi. Barua hii nitaipachika chini ya katoni, aliyekuita Mzee Amiba aisome mpaka mwisho.

Mwenye kliniki anarudi saa nane. Sijui kama kesho nitakuwa na ufunguo wa mlango huu, wala kama nitaruhusiwa kushika darubini tena. Nje nasikia watu wanakohoa kwenye benchi, na Bibi Halima anauliza kwa sauti kama siku hizi maabara inalala mchana.

Hao wote wanaweza kurudi nikawapima. Nimelipitia daftari tangu siku ya darubini mpya, na jina la kwanza kabisa kuandikiwa amiba ni lako. Wewe tu ndiye siwezi kukuita.

Pumzika, Baba. Hukuwa na kitu. Naenda kufungua mlango.

Binti yako,
Zuhura