Nimefuma Sweta la Bluu, Mkwe Amerudi Kwao

Dada Mshauri,

Habari za kazi. Mimi ni mjane wa Sepuka, Singida, huwa nakusoma gazeti likifika na basi la mjini, na leo nimeona nami nikueleze linalonikaa kooni, unisaidie kabla mambo hayajaharibika zaidi.

Nafuma masweta tangu ujana, na zamani hatukuwa na shida ya rangi, uzi ulikuwa wa kubahatisha, ukipata wa kijani unafuma kijani, ukipata wa kahawia mtoto anavaa kahawia na watu wanamsifia, lakini enzi hizi za ruksa, biashara ikiwa huru, maduka ya Singida Mjini yamejaa uzi wa kila rangi, na mke wa mwanangu Chediel, anaitwa Rahel, aliposhika mimba ya tatu nilikwenda kununua, muuza duka akaniuliza, "Mama, wa kiume au wa kike? Bluu ya wavulana, pinki ya wasichana," nami bila kufikiri nikasema bluu, kwa sababu Rahel ana mabinti wawili, Belinda na Sara, na marehemu mume wangu Zefania hajapata wa kurithi jina lake.

Nikafuma sweta, kofia na soksi, kifuani nikatia herufi Z. Siku moja Rahel akanikuta namalizia, akalishika lile sweta, akaniuliza kwa upole, "Mama, na akiwa wa kike atavaa nini?" Nikamjibu, "Tumwombe Mungu asiwe." Dada, nilisema kama utani, lakini hakucheka. Kesho yake akachukua wanawe akaenda kwao Kinyangiri, akasema anakwenda kujifungulia huko, na sasa nasikia amewaambia ndugu zake kwamba kama ni binti harudi tena. Chediel hanisemeshi. Najuta sana. Nimewaza nifume na la pinki, niende nayo yote mawili mkobani, mtoto akizaliwa nitoe linalomfaa. Je, hapo nitakuwa nimemaliza?

Mama Chediel, Sepuka

JIBU

Mama, shikamoo. Nakuamkia kabisa kwa adabu kwa sababu yanayofuata hayatakufurahisha.

Hutakuwa umemaliza, utakuwa umeongeza. Yaani ukae pembeni ya kitanda cha mzazi, mkono mkobani, ukisubiri kuambiwa utoe lipi? Na Rahel akutazame usoni, wakati anajua vizuri kabisa ulilitaka lipi? Tafadhali, usithubutu.

Nakuonea huruma. Kumzika mume na kutamani kusikia jina lake likiitwa tena uani si kosa. Kosa ni kumtwisha Rahel jambo ambalo hana uwezo nalo, wala wewe hukuwa nao ulipomzaa Chediel. Tena nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta sweta la Belinda na la Sara, sikuliona. Bibi yao mfumaji, wao wanavaa nini, mitumba? Upepo wa Singida wa mwezi wa saba unawapiga wavulana tu? Hapo ndipo mkwe wako alipoumia, mama. Yale maneno yako ya utani yalimwambia tu kile alichokuwa anakiona siku zote.

Sasa nisikilize. Fumua hilo sweta lote, pamoja na hiyo Z. Ongezea uzi mwingine, wafumie Belinda na Sara, kila mmoja lake, na bluu ikiwemo hawatadhurika. Mtoto anayekuja mfumie shali nyeupe au ya njano, basi. Halafu panda gari wewe mwenyewe, usimtume Chediel, uende Kinyangiri kabla Rahel hajajifungua, maana ukienda baadaye ataona umekuja kukagua. Wavalishe wale wasichana mbele ya mama yao, kisha mwambie kwa mdomo wako, "Mwanangu, nimekukosea, nisamehe." Usiweke "lakini" baada ya hapo. Na habari ya jina waachie wenye mtoto, wakitaka kukuheshimu watakuheshimu wenyewe.

Ukishasema hayo, rudi nyumbani usubiri. Siku habari itakapofika kwamba amejifungua, majirani wote watauliza amepata mtoto gani. Wewe uliza kama Rahel hajambo.