Eddah Amejifungia Chumba cha Juu

Al-Malqa, Riyadh,
Jumanne, 21 Aprili 2020.

Mpendwa dada Maryann,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mdogo wako Mourine. U hali gani huko Jeddah? Mgongo vipi, bado unakusumbua ukipiga pasi? Na madam wako, ameacha ile tabia ya kukuita kutoka jikoni umpe rimoti iliyo mbele ya pua yake? Mimi mwili ni mzima. Natamani ningeandika kwamba mimi na mdogo wetu Eddah sote tu wazima, lakini sitakudanganya.

Utashangaa kupata barua ya kalamu kama enzi za mama zetu. Si unajua simu zetu hukaa kwa madam wetu, tunapewa Ijumaa tu? Basi siku yeye na familia yake walipoondoka kuja huko Jeddah kwa mama yake, kwa wikendi moja ati, simu zilikuwa kwenye mkoba wake. Alifunga geti kwa nje kama kawaida yake. Kisha barabara zikafungwa, na wikendi imekuwa mwezi. Namba yako ilikuwa kwa simu, kichwani sina hata tarakimu mbili. Nyumba ina simu ya mezani, lakini imefungwa isipige nje, inapokea tu.

Chakula tunacho, usihofu. Friji mbili zimejaa kuku, na kila Jumanne Norman, yule Mkenya wa gari la mboga, hupitisha kreti kwenye kidirisha cha geti. Mwanzoni tulijiona mabibi, dada! Tulikaa kwenye makochi ya majlisi, sebule yao ya wageni, miguu juu, tukawasha televisheni kubwa.

Hapo ndipo tulipotazama sinema ya Kikorea ya mazombi. Bibi na mjukuu wake wamejifungia ndani ya duka la kufulia nguo, ugonjwa umemaliza mji, na mazombi wamejaa nje wanagonga vioo. Maneno ya chini ni Kiarabu, sisi hatusomi, kwa hivyo Eddah akajifanya mkalimani. Aliwafanya wale Wakorea wagombane kama akina mama wa soko la Butere. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Lakini yule bibi akaumwa mkono, akauficha chini ya sweta, na usiku akaingia stoo akajifungia mwenyewe asije akamla mjukuu. Kuanzia hapo Eddah hakutafsiri tena.

Jumatatu ya wiki jana akaamka na homa. Sijui kama ni hii korona au ni kitu kingine, na sijui aliitoa wapi, labda kwenye zile kreti. Nilipogeuka kumchemshia tangawizi, alichukua blanketi na madumu ya maji akapanda chumba cha juu, kile cha mashine ya kufulia, akakomea mlango kwa ndani. Ananiambia ati yeye akianza kunguruma kama zombi nisifungue. Nikamwambia wewe mtoto, toka huko, mimi si mjukuu wako! Wapi. Ule mlango ni wa chuma. Nimeugonga kwa mchi hadi mchi umepasuka. Chakula namwachia nje, anachukua nikishashuka. Tangu juzi hajachukua.

Sasa nikuambie kosa langu. Ijumaa madam alipiga simu ya mezani kama kila Ijumaa. Aliuliza kama tuko sawa. Eddah alikuwa ameniapisha nisiseme, maana mwaka jana msichana wa nyumba ya jirani alikohoa wiki moja tu, wakamfutia ikama, kile kibali cha kukaa, na kumpandisha ndege. Na wewe unajua tulivyofundishwa kule Nairobi kabla ya kusafiri: madam akiuliza, jibu ni tamam, kila kitu sawa. Basi nikasema, tamam, madam. Akasema halas, basi, akakata. Niliketi sakafuni nikalia kama mtoto. Hatapiga tena hadi Ijumaa, na Ijumaa ni mbali sana, dada.

Usidhani nimekaa tu. Jana nilisimama ukingoni mwa paa nikipunga mtandio na kupiga kelele. Mtaa mzima hakuna hata paka. Likapita gari la polisi na kipaza sauti chake cha kuwaambia watu wakae ndani. Askari akaniona. Nilifurahi jamani! Akanipungia mkono, akanionyesha mlango, yalla, ingia ndani, akaenda zake.

Nimemwomba Norman apige simu ya dharura. Amekataa, anasema namba yake itaonekana, na mwanaume anayeongea na wanawake waliofungiwa atajieleza vipi? Namba ya madam hana, maagizo hupitia kwa bosi wake, na bosi akisikia kuna mgonjwa atamkataza kuja. Nilimtukana, kisha nikamwomba msamaha. Lakini leo ana kibali cha kupeleka mboga Jeddah, na amekubali kukuletea barua hii mkononi.

Dada, mama yake madam wetu anakaa hapo Al-Nuzha, mtaa wa pili kutoka kwenu, ile nyumba mlikokutana na Eddah Idi iliyopita. Kesho saa za kwenda dukani, nenda. Gonga hadi wafungue. Mwambie madam atume mtu wa kuvunja mlango, na daktari. Akikasirika kwamba alidanganywa, mwambie aliyedanganya ni Mourine. Kama lazima mtu apandishwe ndege, anipandishe mimi, sitalia. Eddah asiguswe.

Mama mkubwa Rosebellah usimwambie kwanza, atakufa kwa presha. Mwambie tu sisi wanawe tunamsalimu. Nisalimie mjomba Nahashon, na umbusu Fidel wako ukiongea naye kwa simu. Mungu akulinde, akupe miguu ya haraka kesho.

Norman anapiga honi. Nimepanda juu mara ya mwisho kabla ya kufunga bahasha, nikaweka sikio mlangoni. Nilimwita, hakujibu. Nikakaa hapo hapo, honi inalia, hadi nikamsikia akikohoa. Kikohozi kimoja tu, kidogo. Aki dada, nimeinua mikono nikamshukuru Mungu kwa kikohozi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ninayekungoja,
Mourine.