Kabati Limetangulia Mashine

Mshauri wangu mpendwa, Shangazi Pilipili,

Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, kwa sababu siku hiyo baba atarudi dukani kununua mashine ya kufulia na mashine ya kukaushia, na mimi naogopa kwamba atanunua zisizotufaa, na nikisema naambiwa nina mdomo, na nikinyamaza nitaendelea kufua kwa mikono mpaka nimalize shule, kama nitaimaliza.

Nyumbani tuko wanne. Baba ni fundi seremala, mama ni mpishi katika shule ya bweni, kaka yangu amemaliza masomo na anatafuta kazi, na mimi niko sekondari, mwakani nina mtihani wa mwisho. Nguo zote nafua mimi kila Jumamosi, ovaroli za baba zenye gundi na vumbi la mbao, aproni za mama zenye mafuta, na mashati ya kaka, ambaye hubadilisha shati asubuhi na jioni kama waziri ingawa hatoki kwenda popote, na nikimaliza kusuuza na kuanika, mwalimu wetu wa hesabu, anayetufundisha Jumamosi asubuhi kwa hiari yake, ameshafuta ubao. Sketi yangu ya shule ni moja, na wakati wa mvua naivaa ikiwa bado mbichi, na wenzangu wakiniona naingia darasani husema, "Kidimbwi kimefika, inueni miguu."

Kwa hiyo mama aliposema akiba yake inatosha kununua mashine nilifurahi sana. Lakini baba, kabla hatujaona mashine hata moja, alikwenda kwa jirani akapima zake mbili, ya kufulia na ya kukaushia iliyowekwa juu yake, akarudi akatengeneza kabati la mbao ngumu lenye milango ya kuchonga, akalisimamisha sebuleni, mkabala na mlango, ili mgeni akiingia tu alione. Ni kabati zuri, Shangazi, siwezi kusema uongo, lakini sebuleni hakuna bomba wala mahali pa kumwagia maji, bomba letu liko uani karibu na bafu, na maji yenyewe huja kwa zamu, na yakija ni membamba kama uzi. Jirani ana tangi kubwa juu ya paa. Sisi tuna ndoo.

Tulipokwenda dukani mara ya kwanza, muuzaji alimuuliza baba, "Mzee, maji kwenu yanatoka kwa nguvu?" Baba akavuta tepu yake akamjibu, "Mimi napima upana, wewe unaniletea habari za maji?" Nikamwonyesha mashine moja ya mapipa mawili, pipa moja la kufulia na jingine la kukamulia, ambayo unaweza kuijaza hata kwa ndoo, akaitazama kama mtu aliyeletewa kiti cha miguu mitatu. "Hiyo? Ndani ya kabati langu? Itakuwa panya katika nyumba ya tembo!"

Njiani nilimwambia kwa heshima kwamba mashine huchaguliwa kwa maji na kwa nguo, si kwa kabati. Akaniambia, "Mashine ya kufua ninayo tayari, ina miguu miwili na mdomo mrefu. Shukuru unatafutiwa msaidizi." Tulipofika nyumbani kaka akadakia, "Na hiyo mashine ikija wewe utafanya nini, mdogo wangu? Si utashika kutu?" Wakacheka. Mama alinitazama kidogo, kisha akainamia sufuria.

Shangazi, tuchague mashine gani, na nimwambie vipi baba bila kumvunjia heshima? Na ya kukaushia tunaihitaji kweli? Nauliza kwa sababu ya sketi. Kuna jambo jingine dogo, pengine si la kuuliza: baba amesema mashine ikija nitaiendesha mimi, Jumamosi.

Natumaini utanijibu.

Binti wa Fundi

*

Binti wa Fundi,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili kwa sababu sikuamini ya kwanza. Nimewahi kuona mtu akinunua tandiko kabla ya punda. Lakini kumjengea punda banda sebuleni, halafu kuzunguka sokoni na tepu kutafuta punda wa kulienea, hilo nimelisikia kwenu tu. Na ni fundi! Mteja akimpelekea mlango na kumwambia, "Nitafutie nyumba ya kuuenea," si atacheka mpaka adondoshe msumeno?

Sikiliza. Hiyo mashine kubwa ya mlango wa mbele, kama ya jirani yenu, inataka maji yenye nguvu na yasiyokatika. Kwa huo uzi wenu itajifunga mlango, ovaroli zikiwa ndani, isimame ikiwasha na kuzima taa, na nyinyi mtaizunguka kama mnaotazama ajali. Ya kukaushia ndiyo kabisa. Inakula umeme bila huruma, na jua halijawahi kuwadai kitu. Au mashati ya kaka yako yana haraka ya kwenda wapi?

Nunueni ile ya mapipa mawili, ya kufua kilo saba hivi za nguo, ikae uani karibu na bafu, chini ya paa, juu ya ubao imara. Pipa la kukamulia litaitoa sketi yako ikiwa na unyevu kidogo tu. Mvua ikinyesha itundike ndani, karibu na dirisha, asubuhi utaivaa kavu. Vidimbwi watabaki navyo wao.

Baba yako usimwambie habari za sketi. Haitamgusa. Mwambie habari za mbao. Mwambie mashine kubwa ikikamua hutetemeka, na kabati lililoibana litalegea viungo vyote. Mwambie ya kukaushia hutoa joto na mvuke, na milango yake ya kuchonga itavimba mpaka isifungike. Mwulize kama mtu anayetaka kujifunza: "Baba, mbao ngumu inastahimili mvuke?" Halafu nyamaza. Seremala atajijibu mwenyewe, na jibu atadhani ni lake. Hapo heshima ya nani imevunjika?

Sasa nakugombeza wewe. Umejaza kurasa kwa mapipa na mabomba, halafu jambo lenyewe umelifungia mkiani na kuliita dogo. Nani kakudanganya kwamba ni dogo? Mashine ikija na wewe ukabaki ndiye mwendeshaji wa kila Jumamosi, mtakuwa mmenunua beseni lenye waya. Mashine hii haihamishi nguo yenyewe kutoka pipa hadi pipa, inataka mtu wa kusimama nayo. Mtu huyo yupo. Ana mikono miwili, hatoki kwenda popote, na ndiye mwenye mashati mengi. Aliuliza utashika kutu? Basi yeye ameshashika, na dawa ya kutu ni kazi. Baba naye akung'ute ovaroli zake nje na kutoa misumari mifukoni kabla hazijagusa maji, la sivyo vumbi la mbao litaziba njia ya maji machafu, na hapo hata mimi sina ushauri.

Mama yako sina hakika kama nimsikitikie au nimvute sikio. Akiba ni yake. Anainamia sufuria kutafuta nini humo? Mpe gazeti hili alisome kabla ya Jumamosi, na mama, ukifika hapa, jua kwamba nakutazama. Pesa ishike wewe, na dukani nenda wewe.

Kabati liacheni palepale. Ni zuri, binti yako amesema na namwamini. Tieni rafu ndani, kazi ndogo kwa fundi kama huyo, na vitabu vya binti viingie humo, mkabala na mlango, mgeni akiingia tu avione.

Kwa hiyo Jumamosi mama anachagua, kaka anabeba, baba anabaki na tepu yake kupima rafu. Wewe, mwanangu, ubao ukianza kuandikwa uwe umeshakaa kiti cha mbele. Na nikisikia ulikuwa uani unasuuza, usiniandikie tena.

Shangazi Pilipili