Santuri Zisizochezeka Alizoleta Papa Kahongya

CHAMA CHA WASIKILIZAJI WA SANTURI, MUSUSA, BUTEMBO

Kikao cha dharura, Jumapili tarehe 10 Machi 2002, katika atelier ya ushonaji ya Mwenyekiti, baada ya Wakatoliki kutoka misa na Waprotestanti kutoka ibada.

Waliohudhuria: Papa Zorobabel (Mwenyekiti), Papa Mathe (Makamu), Papa Phinées Kahongya (Mtunza santuri), Mama Séphora (Mjumbe), Mama Kavira (Katibu).

Hakuwepo: Papa Gamaliel. Yuko Beni, barabara si nzuri. Udhuru ulipokelewa.

KUMB. NA. 1/3/2002: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliomba kwa kifupi. Mashine za kushona zilisogezwa ukutani na tourne-disque, mashine ya kupigia santuri, ikawekwa juu ya meza ya kukatia nguo, pamoja na betri ya gari. Mwenyekiti alieleza kwamba kuna jambo moja tu: santuri zilizotoka Kampala, na ndoa ya Tamar, binti ya Papa Mathe, Jumamosi baada ya Pasaka.

KUMB. NA. 2/3/2002: SANTURI ZILIZONUNULIWA
Ilikumbushwa kwamba santuri zote za rumba za chama zilibebwa na wanajeshi waliopita mwaka jana, na kwamba Papa Kahongya, kwa sababu anafanya biashara ya vitenge, alitumwa kutafuta nyingine kwa ajili ya ndoa. Akiwa Kampala alituma neno kwa phonie, ile radio ya mawasiliano: "Nimepata tano. Ni ambient." Wajumbe walielewa "ambiance", yaani shangwe ya kucheza, na wakafurahi sana. Papa Mathe aliwaahidi wakwe kwamba watu watacheza mpaka viatu vipasuke.

Santuri zilifunguliwa mbele ya kikao. Tatu hazina mwimbaji wala ngoma, ni sauti ndefu tu zinazokwenda polepole; ndiyo ambient yenyewe. Moja ina picha ya ukungu juu ya maji. Mbili zilizobaki ni za vijana Wazungu wenye guitare za umeme, wanaopiga kama wamekasirika na kuimba kama wanaumwa. Rumba haikuonekana.

KUMB. NA. 3/3/2002: MAELEZO YA MTUNZA SANTURI
Papa Mathe, akiwa amesimama nyuma ya Papa Kahongya, aliuliza: "Kahongya, batu batacheza nini kwa hii? Mutoto wangu ataolewa sawa kwa matanga?"

Papa Kahongya hakujibu. Alikuwa akipangusa santuri kwa kitambaa.

Swali liliulizwa tena, kwa sauti kubwa. Hakujibu. Papa Mathe alisema hicho ni kiburi cha mtu aliyezoea kusafiri, na akapendekeza ufunguo wa sanduku la santuri apewe mwingine. Mwenyekiti aliomba heshima.

Mama Séphora alisema: "Ngojeni kwanza." Akaenda akamgusa Papa Kahongya begani. Papa Kahongya alishtuka, akageuka, akatazama midomo ya mmoja mmoja. Mama Séphora akamwuliza uso kwa uso: "Yaya, kaka yangu, uko nasikia sisi?"

Aliweka kitambaa mezani. Kisha alisema, na Katibu ameandika kama alivyosema:

"Tangu ile bombe ilianguka karibu na camion yetu ya mizigo kule Kirumba, masikio yangu haikurudia. Iko inalia ndani, asubui na mangaribi, sawa sufuria ya maji kwa moto. Maneno yenu naiona kwa midomo. Kule Kampala muuzaji aliniwekea rumba, ile yote nilipendaka. Nikasikia paka vipande tu. Nikalia mbele ya batu. Donc akaniurumia, akaweka hii ya ukungu. Hii ilipita chini ya ile kelele. Niliisikia yote, mwanzo mpaka mwisho. Ndugu zangu, ile saa nilisahau ndoa."

Mwenyekiti aliuliza kwa nini hakusema. Alijibu: "Mutu mwenye hapana sikia, mungemuachia ufunguo?"

Papa Mathe alikwenda dirishani na akakaa huko akitazama nje.

KUMB. NA. 4/3/2002: KUSIKILIZA
Mwenyekiti aliagiza santuri ya ukungu ipigwe. Papa Kahongya aliweka sindano na kiganja chake kikabaki juu ya sanduku la sauti. Ilisikika sauti moja, kama harmonium ya kanisani ambayo mpigaji amesahau kuondoa kidole, kisha nyingine ikaja taratibu kukaa karibu nayo. Mama Séphora alisema ni mara ya kwanza tangu vita anakaa kimya bila kutega sikio barabarani.

Tamar, aliyekuwa ameleta chai, alisimama mlangoni na birika mkononi mpaka upande ukaisha. Mwenyekiti alimwuliza maoni yake, kwa kuwa ndoa ni yake. Alimwambia baba yake:

"Papa, kwa kucheza, rafiki yetu Jacob atakuja na guitare yake, na kwaya iko. Mais wakati naingia mu salle ya ndoa, muweke hii. Papa Kahongya alinifundishaka kucheza, nasimama juu ya viatu vyake. Nataka asikie wakati naingia."

Papa Kahongya aliuliza mtoto amesema nini.

Papa Mathe alitoka dirishani, akavuta kiti cha mashine ya kushona, akakaa mbele yake magoti yakigusana, na akarudia maneno ya binti yake polepole. Alilazimika kuanza upya mara kadhaa, kwa sababu midomo yake haikutulia.

Papa Kahongya alisema: "Na wakwe? Watasema nini?"

Papa Mathe alisema: "Batangoja."

Mama Séphora alimkumbatia Tamar. Chai ilimwagika kidogo juu ya kitambaa cha mteja. Mwenyekiti alisema si kitu.

KUMB. NA. 5/3/2002: MAAMUZI
Papa Kahongya anabaki na ufunguo. Bibi-arusi ataingia na santuri ya ukungu, na mtu yeyote asiongee mpaka upande uishe. Papa Mathe aliomba neno "kiburi" lifutwe. Katibu alieleza kwamba kilichosemwa kimesemwa. Aliruhusiwa kuongeza kwamba Papa Mathe aliomba msamaha mbele ya wote, na ukapokelewa.

KUMB. NA. 6/3/2002: KUFUNGA
Mwenyekiti alitangaza kikao kimefungwa saa kumi alasiri. Papa Kahongya alikuwa amegeuza santuri upande wa pili. Wajumbe hawakuondoka.

Zorobabel, Mwenyekiti (sahihi)
Kavira, Katibu (sahihi)